Macho ya wazee wetu na ugonjwa wa kutetemeka

Nilipotea kidogo, ni mambo ya test na presentesheni, si mnajua tena maisha ya chuo. Leo nimekuja na historia, ila si Majimaji wala Mkutano wa Berlin. Ni historia ya macho. Tulieni, mtanielewa tu.

Tuanze na Muhammad Ali. Februari 1980 alitua Dar es Salaam, ametumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani aje kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Miaka minne baadaye, 1984, madaktari wakamwambia Ali kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Halafu 1996 dunia nzima ikamwona kule Atlanta akiwasha mwenge wa Olimpiki huku mkono unatetemeka.

Ule mkono kila mtu aliuona. Lakini ugonjwa huu haukai mkononi, unakaa kwenye ubongo, na unagusa karibu kila kitu ambacho ubongo unakisogeza: miguu, sauti, misuli ya uso, na macho. Ndiyo, macho. Jicho nalo lina misuli yake, linasogezwa siku nzima, na kama mkono unaweza kuwa mzito basi hata jicho linaweza kuwa zito. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni jinsi watu walivyofika kulijua hilo, na kwa nini linatuhusu sisi huku Mbeya.

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, alichapisha kijitabu kuhusu alichokiita ulemavu wa kutetemeka. Alieleza habari za watu sita tu. Kinachonifurahisha ni kwamba sio wote walikuwa wagonjwa wake. Wengine alikutana nao barabarani, na mmoja alimwona kwa mbali tu. Yaani jamaa hakuwa na mashine, hakuwa na maabara, alikuwa na tabia ya kuangalia watu wanavyotembea. Aliona mikono inavyotetemeka, mgongo unavyoinama, na hatua zinavyogeuka kuwa kama mtu anataka kukimbia. Miongo kadhaa baadaye, kule Paris, Jean-Martin Charcot akaongeza jambo kubwa: si kila mgonjwa anatetemeka, wengine wanakakamaa na kuwa wazito tu. Yeye ndiye aliyependekeza ugonjwa upewe jina la Parkinson.

Sasa macho yanaingiaje? Hapa inabidi tuhamie kwa watu wengine kabisa, waliokuwa wanachunguza jinsi binadamu anavyosoma. Wewe unayesoma hapa unadhani macho yako yanateleza taratibu juu ya mstari. Wapi! Yanaruka. Yanatua kwenye neno, yanatulia kidogo, yanaruka tena. Mwaka 1879 Mjerumani Ewald Hering aliligundua hilo kwa masikio. Alichukua mirija ya mpira, kama ile ya kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo, akaiweka kwenye kope, akawa anasikia misuli ya jicho inavyopiga kila jicho linaporuka. Miaka hiyohiyo huko Ufaransa Émile Javal naye alikuwa kwenye utafiti wa kusoma.

Kusikia ni sawa, lakini kupima ni kitu kingine. Mwaka 1901 Mmarekani Raymond Dodge na mwenzake Cline walipata njia ya kupiga picha mwanga unaoakisiwa na jicho, na kutoka hapo mruko wa jicho ukawa na namba. Mwaka 1908 Dodge na daktari wa magonjwa ya akili, Allen Diefendorf, wakaipeleka mashine hiyo kwa wagonjwa wa akili. Wakaona kuna wagonjwa ambao macho yao yanashindwa kufuata kitu kinachobembea mbele yao. Hiyo ni moja ya mara za kwanza jicho kutumika kama dirisha la kuchungulia ubongo unaoumwa.

Tukatize miaka. Mwaka 1963 David Robinson wa Marekani alibuni kipimo kikali zaidi: koili ndogo ya waya inakaa juu ya jicho, mtu anawekwa katikati ya uwanja wa sumaku, na kila jicho linapocheza umeme unatoa taarifa. Mwaka uliofuata, 1964, madaktari watatu wa Toronto (Steele, Richardson na Olszewski) walieleza ugonjwa unaofanana na Parkinson lakini una tofauti moja kubwa. Mgonjwa anashindwa kupeleka macho juu na chini, hasa chini, na anaanguka mapema. Wagonjwa wa namna hiyo ni rahisi kuchanganywa na wale wa Parkinson. Ukimwambia afuate kidole kwenda chini ndipo unapata tofauti. Fikiria basi, magonjwa mawili yanayofanana kwa nje yanatenganishwa na jicho.

Mwaka 1971 DeJong na Melvill Jones wakaja na wagonjwa wa Parkinson wenyewe, wakapima miruko ya macho yao, na wakakuta yaleyale ya mikononi: jicho linachelewa kuanza, na likiruka linafika njiani tu. Badala ya mruko mmoja linapiga hatua mbili tatu ndogo ndogo, kama mzee anayevuka barabara. Tafiti zilizofuata zikaongeza utamu. Kitu kikitokea ghafla, mathalani bodaboda ikikatiza mbele, jicho la mgonjwa mara nyingi linaruka vizuri tu. Ukimwambia sasa angalia pale ambapo taa ilikuwepo dakika iliyopita, yaani alenge kwa kumbukumbu, hapo ndipo linapofika nusu. Linalosumbua zaidi ni mruko ambao mtu anauamua mwenyewe toka ndani.

Kwa nini? Mwaka 1983 Okihide Hikosaka na Robert Wurtz, wakifanya kazi na nyani kule Marekani, walionyesha kuwa ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inayolizuia jicho muda wote, kama breki ya mkono ya gari. Ukitaka kuangalia kitu breki inaachiwa, jicho linaruka. Kwenye Parkinson seli zinazotengeneza dopamini zinakufa, na bila dopamini breki inabana kupita kiasi. Kwa hiyo mgonjwa si mvivu, si mkaidi, si kwamba amekudharau. Breki imebana.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma kama mtu wa notisi nikaanza kusoma kama jirani.

Mimi nimepanga Soweto, jirani na soko. Asubuhi na baridi yetu hii ya Mbeya utawaona wazee wamekaa nje wanaota jua, na sisi tunapita mbio na mabegi, shikamoo babu, shikamoo bibi, tumeshapita. Yupo ambaye salamu yako inamfikia lakini uso haubadiliki. Hacheki, hanuni. Kope hazipepesi, anakukodolea macho tu. Vijana wa kijiweni wana majibu yao: huyu ana maringo, huyu ni uzee, au lile jibu letu pendwa, huyu kuna kitu. Lakini uso uliotulia kama kinyago, macho yasiyopepesa, ni dalili zinazojulikana za Parkinson. Sisemi kila mzee mkimya anaumwa, la hasha. Nasema tuna haraka ya kutafsiri macho ya watu.

Na nchi hii inajua tafsiri mbaya ya macho inafikia wapi. Kule Shinyanga na Mwanza, hasa miaka ya 1990 na 2000, vikongwe waliuawa kwa kuitwa wachawi, na moja ya "ushahidi" ilikuwa macho mekundu. Macho ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini! Akina bibi waliolisha familia nzima kwenye moshi, halafu moshi uleule ukageuzwa kesi. Hao hawakuwa wagonjwa wa Parkinson, ni habari nyingine, lakini kosa ni la aina moja: kuliangalia jicho na kuamua kabla ya kuuliza.

Sasa utafiti wa hapahapa nyumbani. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, timu ya Watanzania na Waingereza, akina Catherine Dotchin, Oliver Msuya na Richard Walker, walifanya kazi ambayo James Parkinson angeipenda. Walipita mlango kwa mlango. Eneo lilikuwa na watu 161,071. Matokeo yalitoka 2008: walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Na sikiliza hii, asilimia 78 kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini mpaka watafiti walipogonga hodi. Yaani zaidi ya robo tatu! Walikuwa nyumbani, wanatetemeka, wanakakamaa, na jina la ugonjwa hawalijui. Mwaka 2011 Gerry Mshana na wenzake wakachapisha mahojiano waliyofanya na watu wa Hai kuhusu ugonjwa huo, na kwenye kichwa cha makala yao wakaweka jina ambalo watu wenyewe wanautumia: ugonjwa wa kutetemeka.

Linaloumiza ni kwamba dawa ipo, na sio mpya. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz, Vienna, alionyesha kuwa ubongo wa wagonjwa hawa umepungukiwa dopamini. Mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, akaonyesha kuwa dopa kwa dozi kubwa inawainua watu. Haiponyi, lakini mtu anaweza kufunga vifungo vya shati mwenyewe, anaweza kwenda sokoni. Ali alikuja Dar miaka 13 baada ya ugunduzi huo. Wale wa Hai walipatikana miaka karibu 40 baadaye. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo mimi kama mwanafunzi wa historia naisoma hivi. Siku hizi kuna kamera zinazopima mruko wa jicho bila kumgusa mtu, na watafiti wengi wanatafuta kama jicho linaweza kuonyesha ugonjwa mapema kabla mambo hayajaharibika. Ni jambo zuri, na wenzetu mnaosoma udaktari na uhandisi hapa Mbeya na Iringa changamkieni, kazi ipo. Lakini ukifuata mnyororo wote tangu 1817, kila hatua ilianza na mtu aliyempa mgonjwa muda wake. Kipimo cha kwanza cha macho mpaka leo ni kidole cha daktari: fuata hapa, juu, chini, kulia, kushoto. Hakihitaji umeme wala bando. William Howlett, aliyefundisha KCMC Moshi, ana kitabu kizima cha magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu barani Afrika, kimetoka 2012 na kinapatikana bure kwenye intaneti. Kimeandikwa kwa ajili ya mazingira yetu, kaanzeni hapo.

Na sisi wengine tusio madaktari? Kidole tuwaachie wenyewe, tusije tukaanza kuwapima wazee wa watu mtaani. Ila kama una babu au bibi ambaye mkono mmoja unatetemeka akiwa ametulia, mwandiko umekuwa mdogo, hatua zimekuwa fupi, uso umeganda na sauti imeshuka, usikubali jibu la "ni uzee huo". Mpeleke hospitali, na ukifika sema yote, usiseme mkono tu. Mwambie daktari na habari za macho.

Haya, niishie hapa jamani, kesho saa mbili asubuhi nina semina na sijagusa kitu. Bumu nalo limechelewa, tutaongea. Wasalimieni wazee wenu huko nyumbani, na safari hii msipite mbio.