Shule ya Ndege Moja

Watu wengi hudhani kwamba mtu akishapata leseni ya urubani anaweza kupewa ndege yoyote akairusha, kama vile dereva wa lori anavyoweza kupewa lori la tajiri mwingine. Sivyo ilivyo. Leseni ya rubani wa biashara humruhusu kufanya kazi hiyo, lakini ndege kubwa ya abiria hawezi kuigusa mpaka asomee aina hiyo hiyo ya ndege, apimwe, na jina la aina hiyo liandikwe kwenye leseni yake. Idhini hiyo marubani wenyewe huiita retingi. Mwenye retingi ya ATR hawezi kuhamia Boeing kesho asubuhi. Hana budi kurudi shule.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia hapa Kasulu, na mambo ya ndege nisingeyachunguza kama mtoto wa kaka yangu asingerudi nyumbani na leseni mpya na swali moja: "Baba mdogo, nikasomee ndege gani, na shule ipi?" Nilimwomba anipe wiki mbili. Mwalimu wa historia akiulizwa swali huanza kwa kuuliza wa zamani walifanyaje.

Wa zamani hawakuchagua. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946 kwa ndege ndogo, likapanda hatua kwa hatua: Dakota, kisha Comet za jeti mwaka 1960, Fokker Friendship, na kuanzia 1966 zile Super VC10 zilizokwenda hadi London. Kila ndege mpya ilipoagizwa, shirika ndilo liliamua nani akaisomee, wapi, na kwa gharama ya nani. Kijana hakuulizwa. Mwaka 1971 Jumuiya ikafungua shule ya urubani kule Soroti, Uganda, ili vijana wetu waanzie karibu na nyumbani. Soroti ilitoa leseni; retingi ilikuja baadaye, pamoja na ajira.

Halafu Jumuiya ikafa. Mwaka 1977 kila nchi ilibaki na shirika lake, na letu, Air Tanzania, lilizaliwa mwezi Machi mwaka huo. Soroti ikabaki Uganda. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati ule tulililia reli, mabehewa na mpaka uliofungwa. Sikumbuki mtu aliyelililia hili dogo, kwamba njia ya kijana kutoka darasani hadi kwenye chumba cha rubani ilikatika katikati. Kadiri shirika letu lilivyodhoofika katika miaka ya 1990 na 2000, na makampuni binafsi yalivyoingia, matangazo ya kazi yalianza kudai mtu ambaye tayari ana retingi. Mzigo uliokuwa wa shirika ukahamia kwa mzazi.

Na si mzigo mdogo. Retingi ya Boeing 737 au Airbus A320 katika shule za nje huweza kufika dola 20,000 hadi 30,000 na zaidi, kabla ya nauli na chakula, kwa mafunzo ya kiasi cha wiki sita. Kwa hesabu ya Kasulu, ambako fedha hupimwa kwa magunia ya maharage, shamba lote la kahawa na migomba la kaka yangu lisingefika nusu.

Hapo ndipo historia ya karibu iliponisaidia kuliko ile ya mbali. Mwezi Novemba 2012 kampuni ya Fastjet ilianza safari zake Dar es Salaam kwa Airbus A319. Mzazi yeyote angeona kwamba Airbus ndiyo ndege ya kusomea. Baada ya miaka michache kampuni hiyo hiyo iliziacha Airbus ikachukua Embraer 190, na kufikia mwanzoni mwa 2019 ilikuwa imeacha kuruka hapa nchini. Air Tanzania nayo, ilipofufuliwa mwaka 2016, ilianza na Q400 za pangaboi. Mwaka 2018 zikaja Dreamliner na Airbus A220, na Oktoba 2023 Boeing 737 MAX 9. Mwishoni mwa 2022 baadhi ya A220 zililazwa chini kwa matatizo ya injini. Aina nne katika miaka saba! Je, mkulima wa Heru Juu ataotea ipi?

Isitoshe, retingi huchacha. Kanuni hudai rubani awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na kupimwa tena kila baada ya miezi sita. Aliyenunua retingi akakaa nyumbani mwaka mmoja akisubiri kuitwa, hulipa tena ili aifufue.

Kuhusu shule zenyewe, nilijifunza kwamba uzuri wa jengo na picha za ndege ukutani si hoja, kwa kuwa mafunzo karibu yote hufanyika ndani ya mashine ya kuigiza urukaji, ambayo huitwa simuleta. Swali la kwanza ni kama simuleta hiyo inafanana kwa kila hali na ndege utakayorusha. Jambo hili lilinunuliwa kwa damu. Boeing 737 MAX ilipotoka, marubani wa 737 zilizotangulia walivushwa kwa somo fupi la kompyuta, bila simuleta, na mfumo mmoja wenye nguvu ya kuisukuma pua ya ndege chini haukuelezwa katika vitabu vyao. Ndege ya Lion Air ilianguka Oktoba 2018. Tarehe 10 Machi 2019 ikaanguka ya Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi, watu 157, na Wakenya 32 miongoni mwao. Ndege hiyo iliporuhusiwa tena na Marekani mwezi Novemba 2020, mafunzo ya simuleta yalikuwa sharti.

Swali la pili ni kama Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania inaitambua shule hiyo, maana cheti kisichotambuliwa ni karatasi tu. La tatu ni safari za mwisho: rubani mgeni huhitaji kupaa na kutua na ndege halisi, bila abiria, na shule nyingine huliacha hilo nje ya bei. Mtoto aliandikia shule tatu. Moja ilijibu siku hiyo hiyo ikitaka amana. Nyingine iliuliza kwanza: "Umeajiriwa na nani?" Mimi niliipenda hiyo ya pili, ingawa jibu letu lilikuwa "bado".

Kaka alitaka kuuza shamba na kukopa salio. "Mdogo wangu," aliniambia, "leseni ikae kabatini mpaka lini?" Nilimwambia yapo makampuni yanayolipia retingi kwa mkataba wa kutumikia miaka kadhaa, na anayeondoka mapema hurudisha fedha. Dada yetu mkubwa akadakia kwamba huo ni umanamba wa kuvaa tai.

Neno hilo lina uzito hapa. Wakati wa ukoloni wilaya za Kasulu na Kibondo zilifanywa ghala la nguvukazi. Mawakala wa mkonge waliandikisha vijana, wakapandishwa garimoshi Kigoma, wakafika mashambani na kuitwa kwa namba. Wengi waliweka dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. Dada hakukosea kuogopa. Lakini nilimwomba apime: manamba alirudi na blanketi na mgongo mbovu, rubani wa mkataba hubaki na idhini iliyoandikwa kwenye leseni yake mwenyewe. Aliye karibu na umanamba, kwa maoni yangu, ni yule anayeingia deni kabla ya kuiona kazi. Kaka hakupendezwa, na tuliagana usiku ule bila kupeana mikono.

Shamba halikuuzwa. Mtoto alipata kazi ya ndege ndogo ya injini moja, aina ya Caravan, yenye mafunzo mafupi na ya bei nafuu, akawa anabeba watalii kwenye viwanja vya vumbi vya kaskazini huku akikusanya saa za kuruka. Mwaka wa tatu shirika lenye ATR lilimwita, likamchagulia shule na kulipa. Mkataba ni wa miaka mitatu, na fidia hupungua kila mwaka anaotumikia. Kabla ya kusaini alinitumia nakala, nikaisoma yote, nikaitafsiri kifungu kwa kifungu kwa ajili ya shangazi yake, ambaye alitaka cha fidia kirudiwe mara mbili.