Chembe na Chenga: Istilahi Mbili katika Historia ya Picha

Wauza mchele wametuachia maneno mawili ambayo leo yanahitajiwa na mafundi wa filamu. Chembe ni punje yenyewe. Chenga ni vipande vya punje zilizovunjika, ambavyo hupepetwa na kutengwa. Televisheni ilipoenea, watazamaji wenyewe, bila ya kungoja kamati yoyote, waliita chenga yale madoa yanayochezacheza kiooni mawimbi yanapokuwa hafifu. Jina hilo lilifaa, kwani madoa hayo si sehemu ya picha. Utata huzuka jina hilo hilo linapohamishiwa kwenye filamu za zamani zinazonakiliwa kwa skana na kuingizwa katika kompyuta.

Ili kuuelewa utata huo hatuna budi kurudi nyuma. Mwaka 1871 Mwingereza Richard Leach Maddox alieleza namna ya kuzishikiza chumvi za fedha katika jelatini. Na mwaka 1889 kampuni ya George Eastman, huko Marekani, ilianza kuuza filamu ya seluloidi inayokunjika. Katika filamu ya namna hiyo mwanga hugusa fuwele za chumvi ya fedha, na dawa ya kusafishia huzigeuza zilizoguswa kuwa fedha halisi, nyeusi. Katika filamu ya rangi fedha huondolewa, na mahali pake hubaki vijiwingu vya rangi. Kwa hiyo chembe si uchafu ulioiangukia picha, bali ndiyo picha yenyewe. Na kwa kuwa kila fremu ina mpangilio wake wa chembe, fremu 24 zinapopita kwa sekunde moja, hata ukuta mweupe huonekana kana kwamba unachemka.

Programu za kuhariri video hutumia tabia hiyo hiyo. Ukuta hubaki pale pale ilhali chembe hubadilika. Basi programu hulinganisha fremu moja na zilizoitangulia na zinazoifuata, ikachukua wastani. Kwa kanuni za takwimu, wastani wa fremu 4 hupunguza mchezo wa chembe kwa nusu, na wa fremu 16 huubakiza robo. Kitu kinachokwenda hudai kazi zaidi, kwani lazima mwendo wake ukadiriwe kwanza, la sivyo kitaacha kivuli nyuma yake. Njia nyingine, iliyoelezwa na Buades, Coll na Morel mwaka 2005, hutafuta ndani ya fremu moja sehemu zinazofanana, hata zikiwa mbalimbali, na kuzipatanisha.

Njia zote hizi zina gharama. Zikizidishwa, nyuzi za nguo, vinyweleo na mikunjo ya uso hufutika pamoja na chembe. Toleo la Blu-ray la filamu Predator, lililotoka mwaka 2010, lililaumiwa kwa sababu hiyo: nyuso za waigizaji zilifanana na nta. Kinyume chake, mfumo wa AV1 uliotolewa mwaka 2018 unaruhusu chembe ziondolewe ili video ibanwe vizuri, kisha chembe za kuigiza zirudishwe wakati wa kutazama. Hakuna anayejitaabisha kurudisha takataka.

Kwa hiyo tunapendekeza chembe litumike kwa umbile la filamu, na chenga kwa madoa yanayoletwa na mawimbi au na vyombo vya umeme, skana ikiwa mojawapo. Vumbi na mikwaruzo vibaki na majina yao, kwani tiba yake ni nyingine. Hapo tutasema kuondoa chenga, lakini kupunguza chembe. Tofauti ya vitenzi hivi si ya urembo. Fundi wa hifadhi aliyeagizwa kuondoa chenga katika filamu ya zamani atapepeta mpaka ungo ubaki mtupu. Aliyeagizwa kupunguza chembe atajua kuwa kuna kiasi cha kuachwa, na kwamba nakala ya kwanza iliyotoka katika skana haiguswi.