Kalsiamu Inapopungua Damuni: Kutoka Moyo wa Chura hadi UVIKO-19

Kalsiamu, madini yaleyale yanayojenga mifupa na meno, hukaa katika damu ya mtu mzima mwenye afya kwa kiasi cha milimoli 2.1 hadi 2.6 hivi kwa lita. Umuhimu wake ulianza kueleweka London mnamo 1883, baada ya daktari Sydney Ringer kugundua kwamba moyo wa chura uliolowekwa kwenye maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu hudhoofika hadi kusimama. Ugunduzi wenyewe ulikuja kwa bahati: majaribio yake ya mwanzo yalifaulu kwa sababu yalitumia maji ya bomba yenye chokaa, si maji yaliyokenekwa.

Karibu miaka mia ilipita kabla ya madaktari wa wodi za mahututi kuzoea kuona kalsiamu ikishuka kwa wagonjwa wenye maambukizi makali. Mlipuko wa ugonjwa wa SARS wa 2003 uliihusisha dalili hiyo na mapafu. Huko Toronto, kati ya wagonjwa 144 waliochunguzwa, asilimia 60 walikuwa na upungufu.

UVIKO-19 ulithibitishwa Tanzania Machi 16, 2020, jijini Arusha. Mkoani Songwe hofu ilifuata malori. Barabara ya TANZAM, inayounganisha Tanzania na Zambia, hupita Vwawa, kisha huvuka mpaka Tunduma, na Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wake wa Nakonde kwa muda baada ya maambukizi kuongezeka upande huo. Mwaka huohuo madaktari wa Milan waliripoti kwamba wagonjwa wengi wa UVIKO-19 walifika hospitali kalsiamu ikiwa chini, na waliopungukiwa walielekea kuugua vibaya zaidi.

Sababu ni zaidi ya moja. Maambukizi makali huvuruga homoni inayodhibiti kalsiamu, na upungufu wa vitamini D huongeza tatizo. Lakini karibu asilimia 40 ya kalsiamu ya damuni hubebwa na protini, hasa albumini, ambayo hushuka mtu anapougua. Kwa hiyo jumla inaweza kuonekana ndogo ilhali kalsiamu huru iko sawa. Hapo ndipo wasomaji wa majibu ya maabara hukosea mara nyingi. Wala haijathibitika kwamba kumwongezea mgonjwa kalsiamu humponya nimonia. Kipimo cha kalsiamu huonyesha tu uzito wa ugonjwa, na hakichukui nafasi ya kuhesabu pumzi kwa dakika na kupima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni.