Upande B wa Beatles: nyimbo zilizowekwa nyuma ya diski

Wazee waliokuwa na gramofoni Kinshasa, Lubumbashi ao Bukavu katika miaka ya 70 wanaujua vizuri upande B wa diski ndogo ya 45 turu. Nyimbo za orchestra zetu zilikuwa ndefu, na upande mmoja wa diski haukutosha. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili: upande A ulibeba maneno, na ukigeuza diski upande B ulipokea sebene, pale ambapo wapiga gita waliachiliwa na watu wakaamka kwenye viti. Kwetu upande B ulikuwa muendelezo wa wimbo uleule, na mara nyingi ndio ulikuwa utamu wenyewe.

Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Kule diski ndogo ilibeba nyimbo mbili zisizohusiana. Upande A ulikuwa wimbo ambao kampuni ilitaka upigwe kwenye redio. Upande B ulijazwa na chochote kilichobaki, maana diski haiwezi kuwa na upande mtupu. Bendi nyingi ziliweka huko wimbo wa haraka haraka, uliorekodiwa mwishoni mwa siku. Lakini bendi moja kutoka Liverpool, Beatles, iliweka nyuma ya diski zake nyimbo ambazo bendi nyingine zingefurahi kuwa nazo mbele. Na ukifuata historia ya nyimbo hizo, unaona jambo ambalo albamu zao kubwa zinalificha: nani katika bendi alikuwa na sauti, na nani aliambiwa angojee.

Kwanza suala la feza, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Mtu aliponunua diski, mtunzi wa upande B alilipwa haki zake sawasawa na mtunzi wa upande A. Redio ingeweza kuupiga wimbo wa mbele mara mia na ule wa nyuma isiuguse hata mara moja, lakini dukani zote mbili ziliuzwa pamoja. Kwa hiyo upande B ulikuwa mshahara. Na tangu diski yao ya kwanza, « Love Me Do », ya mwezi wa kumi 1962, pande zote mbili zilikuwa za watunzi wawili tu: John Lennon na Paul McCartney. George Harrison, mpiga gita, hakupata hata upande B mmoja kwa zaidi ya miaka mitano.

Jambo la pili ni desturi yao ya kuacha nyimbo nyingi za diski ndogo nje ya albamu. Waliona si haki kijana anunue wimbo leo, halafu kesho auziwe tena ndani ya albamu. Hawakufanya hivyo kila mara, lakini mara nyingi walifanya. « She Loves You » na « I Want to Hold Your Hand », zilizoifanya bendi ijulikane duniani mwaka 1963 na 1964, hazikuwa kwenye albamu yoyote waliyoitoa Uingereza wakati huo. Marekani kampuni ya Capitol haikujali desturi hiyo. Ilipunguza idadi ya nyimbo kwenye kila albamu, ikachanganya humo nyimbo za diski ndogo, na hivyo ikapata albamu nyingi zaidi za kuuza.

Pande B za mwanzo hazihitaji maneno mengi. « Thank You Girl » ni wimbo wa kawaida. « This Boy », ya mwezi wa kumi na moja 1963, ni nzuri kuliko hivyo: sauti tatu zinaimba pamoja, polepole, na Lennon anapanda peke yake katikati. « Yes It Is » ya 1965 inafuata njia ileile. « I'm Down » ni McCartney akipiga kelele mpaka koo linakauka, na ajabu ni kwamba aliirekodi siku ileile aliyorekodi « Yesterday », tarehe 14 mwezi wa sita 1965, wimbo mpole kuliko yote aliyotunga. Mashabiki wengi wanaijua « Yesterday » tu.

Mambo yanabadilika na « Rain », iliyowekwa nyuma ya « Paperback Writer » mwaka 1966. Wakati huo Beatles walikuwa wamechoka na safari na wasichana wanaopiga mayowe. Studio ikawa nyumba yao. Katika « Rain » walipiga muziki kwa mwendo wa mbio, halafu wakaupunguza kasi kwenye mashine ya tepu, ndiyo maana ngoma na gita vinasikika vizito, kama vinatembea ndani ya maji. Sauti ya Lennon ilifanyiwa kinyume chake: ilirekodiwa tepu ikienda polepole ili isikike nyembamba zaidi. Mwishoni sauti yake inapita kinyumenyume. Lennon alisimulia kwamba aliipeleka tepu nyumbani usiku, akaiweka vibaya kwenye mashine, akasikia maajabu hayo. Mtayarishaji wao, George Martin, alisema wazo lilikuwa lake. Wote wawili wamekwisha fariki na kesi haikuamuliwa.

Ringo Starr, mpiga ngoma, amesema mara nyingi kwamba « Rain » ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Sikiliza namna anavyovunja mdundo kila mara bila kuupoteza, utakubali. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hakuna upande B wa Beatles unaoipita. Marekani, ambako upande B uliweza kuhesabiwa peke yake, ilifika nafasi ya 23.

Mwanzoni mwa 1967 walijaribu kukwepa ugomvi wa mbele na nyuma kwa kutoa diski yenye pande A mbili: « Penny Lane » ya McCartney na « Strawberry Fields Forever » ya Lennon. Zote mbili zinakumbuka sehemu za Liverpool za utoto wao. Diski hiyo ilikwama nafasi ya pili Uingereza, ikazuiwa na wimbo wa mapenzi wa Engelbert Humperdinck, na magazeti yakaanza kuuliza kama bendi imekwisha. Na kwa sababu ya desturi yao, nyimbo hizo mbili hazikuingia kwenye albamu « Sgt. Pepper » iliyotoka miezi michache baadaye. George Martin alisema baadaye kwamba kuziacha nje lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya maisha yake ya kazi.

Mwezi wa nane mwaka huohuo, meneja wao Brian Epstein alifariki akiwa na miaka 32. Siku chache tu baada ya mazishi waliingia studio kurekodi « I Am the Walrus ». Lennon alitaka iwe upande A. Lakini ilichaguliwa « Hello, Goodbye » ya McCartney, wimbo mwepesi ambao mtoto anaweza kuushika mara moja. « Walrus » ikageuzwa nyuma. Lennon hakusahau, miaka mingi baadaye bado aliilalamikia chaguo hilo.

Kwa watu wa redio, « Walrus » ina kitu cha pekee. Usiku wa tarehe 29 mwezi wa tisa, walipokuwa wakichanganya sauti, waliunganisha redio na meza ya studio na kuanza kuzungusha kisahani cha kutafuta stesheni. BBC ilikuwa inatangaza mchezo wa Shakespeare, « King Lear », na sauti za waigizaji zikaingia ndani ya wimbo moja kwa moja. Zimo mpaka leo: ule mzozo wa mwishoni, pamoja na mtu anayekufa, ni matangazo ya redio ya usiku ule. Tena, kwa kuwa redio haikurekodiwa kwenye tepu ya peke yake, mafundi hawakuweza kurudia kazi hiyo kwa stereo. Ndiyo sababu katika diski za stereo za zamani nusu ya pili ya wimbo inasikika tofauti na nusu ya kwanza. BBC hiyohiyo, iliyotoa sauti bila kujua, iliukataa wimbo kwenye vipindi vyake kwa sababu ya neno moja ililoona ni la aibu.

Harrison alipata nafasi yake mwezi wa tatu 1968. « The Inner Light » iliwekwa nyuma ya « Lady Madonna », na ndiyo mara ya kwanza jina lake la utunzi kuonekana kwenye diski ndogo ya Beatles. Muziki wake aliurekodi Bombay mwezi wa kwanza, na wanamuziki Wahindi, alipokwenda huko kutengeneza muziki wa filamu « Wonderwall ». Hakuna Beatle mwingine anayepiga chombo humo. Maneno yanatoka katika kitabu cha kale cha Wachina, « Tao Te Ching ». Mwalimu wa Sanskrit wa Cambridge, Juan Mascaró, ndiye aliyemshauri Harrison ayatie muziki. Wimbo hauna gita wala ngoma za roki, na ulifika kwenye mamilioni ya nyumba kwa sababu tu ulikuwa mgongoni mwa wimbo wa McCartney.

Halafu ikaja « Revolution », na hapa inafaa kukaa kidogo. Mwezi wa tano 1968 wanafunzi wa Paris walikuwa wanajenga vizuizi barabarani, vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na vijana walitaka kujua Beatles wako upande gani. Lennon alitunga wimbo unaowajibu: anakubali kwamba dunia ibadilike, lakini anaogopa damu na chuki. Walipourekodi mara ya kwanza ulikuwa wa polepole. Lennon alitaka utoke haraka kama upande A. McCartney na Harrison wakasema mwendo wake ni mzito mno kwa diski ndogo.

Lennon aliichukulia kama kukataliwa kwa maneno yake, lakini hakunyamaza. Mwezi wa saba bendi iliurekodi upya kwa kasi. Mafundi walichomeka gita moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia bila kupitia spika, wakazidisha nguvu mpaka sauti ikachanika kama kitambaa. Gita la roki lilikuwa halijasikika chafu hivyo kwenye diski ya bendi kubwa. Nicky Hopkins aliongeza kinanda cha umeme. Matokeo yalikuwa moto.

Lakini McCartney alikuwa amekwisha leta « Hey Jude ». Dakika saba na zaidi, umati ukiimba mwishoni, na hata Lennon mwenyewe alikubali ni wimbo mkubwa. « Revolution » ikaenda nyuma. Diski hiyo, ya kwanza ya Beatles chini ya kampuni yao Apple, ilikaa nafasi ya kwanza Marekani wiki tisa, na upande B ulipanda peke yake mpaka nafasi ya 12. Magazeti ya mrengo wa kushoto yalimshambulia Lennon, yakasema amewasaliti vijana. Katika toleo la polepole, lililotoka baadaye kwenye albamu nyeupe, anaimba kwamba wasimhesabu katika uharibifu, na papo hapo anaimba kwamba wamhesabu. Hakuwa amekata shauri. Mwaka 1987 kampuni ya viatu Nike ilitumia toleo la haraka kwenye tangazo la televisheni, na Apple ikaenda mahakamani.

« Don't Let Me Down » iliwekwa nyuma ya « Get Back » mwezi wa nne 1969, na kwenye diski hiyo jina la mpiga kinanda Billy Preston liliandikwa pamoja na la bendi, heshima ambayo Beatles hawakumpa mtu mwingine. Lennon anamwimbia Yoko Ono kama mtu anayeomba. Tarehe 30 mwezi wa kwanza, kwenye baridi ya paa la ofisi yao mtaa wa Savile Row, waliipiga mara mbili, na mara ya kwanza Lennon alisahau maneno akaimba silabi zisizo na maana. Phil Spector alipotengeneza albamu « Let It Be » aliuacha wimbo huu nje. Ulirudishwa mwaka 2003, katika toleo jipya la albamu hiyo.

Upande B wa mwisho ni mchezo mtupu. « You Know My Name (Look Up the Number) » ilianzwa mwezi wa tano 1967, na maneno yake ni karibu kichwa chake tu, yakirudiwa kwa sauti za kila aina, kana kwamba uko kwenye klabu ya usiku ya bei rahisi. Brian Jones wa Rolling Stones alikuja kupiga saksafoni. Tepu ikawekwa kabatini karibu miaka miwili. Mwezi wa nne 1969, wakati bendi inagombana juu ya feza na mawakili, Lennon na McCartney walirudi studio kumalizia sauti, wakichekacheka. Brian Jones alifariki mwezi wa saba mwaka huo, kabla diski haijatoka. Ilitoka tarehe 6 mwezi wa tatu 1970, nyuma ya « Let It Be », na wiki tano baadaye McCartney alitangaza kwamba ameachana na Beatles.

Nyingi za nyimbo hizi zilizotawanyika zilikusanywa mwaka 1988 kwenye CD mbili zenye jina « Past Masters », nyimbo 33 kwa jumla. Ya mwisho kabisa kwenye orodha ni ule mchezo wa klabu ya usiku, mara tu baada ya « Let It Be ». Hakuna tena haja ya kunyanyuka kugeuza diski.