Aliyeshitakiwa Asikilizwe

Miongoni mwa maneno yaliyopata nguvu mpya katika Kiswahili chetu baada ya uhuru, neno mhujumu lina historia yake ya pekee. Asili yake ni vitani: kuhujumu ni kushambulia kwa ghafla, na hujuma ni shambulio la adui aliyejificha. Mwaka 1983 neno hilo lilitolewa katika uwanja wa vita likawekwa dukani. Mtu aliyekutwa na katoni za sabuni uvunguni mwa kitanda hakuitwa tena mlanguzi tu. Aliitwa mhujumu uchumi, yaani adui wa taifa zima. Na adui, kama ijulikanavyo, hatafutiwi wakili.

Ndugu msomaji, sikusudii katika insha hii kuwatetea walanguzi. Nataka kueleza kwa ufupi historia ya shitaka hilo, ambalo kwa siku hizi lina ndugu yake aitwaye kuongoza genge la uhalifu, na hasa kueleza jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa linapotajwa: mshitakiwa anajiteteaje? Watu wengi hudhani utetezi ni fadhila anayofanyiwa mwizi. Mimi naona ni kinyume chake. Utetezi ni njia ya taifa kujua kama kweli limeibiwa, limeibiwa nini, na nani aliyeiba.

Ili kuelewa yaliyotokea mwaka 1983, hapana budi kukumbuka hali ilivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata Idi Amin akatuvamia, na vita vya Kagera vikala akiba ya nchi hadi mwaka 1979. Bei ya mafuta duniani ilipanda, fedha za kigeni zikaadimika. Kabla ya hapo, mwaka 1976, Operesheni Maduka ilikuwa imefunga maduka mengi ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji, na bidhaa zikawa zinapitia kampuni za biashara za mikoa, zile tulizoziita RTC. Huku Rondo, juu ya uwanda, ambako mtu hana budi kushuka Mtama ndipo apate barabara ya Lindi, duka la kijiji lilikuwa na rafu ndefu na bidhaa chache. Mwalimu alifua shati lake kwa majani ya mpapai. Bibi harusi aliazima khanga. Sukari ilipofika, ilifika pamoja na foleni yake na ugomvi wake.

Kwa hiyo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu mwezi Machi 1983, akiungwa mkono na Mwalimu Nyerere, wananchi walishangilia. Shangwe ile haikuwa ya kijinga. Ulanguzi ulikuwako, na wapo waliotajirika kwa kuficha kile ambacho mtoto wa jirani alikihitaji. Watu walikamatwa kwa maelfu. Wengine, kwa hofu, walitupa bidhaa zao porini na baharini usiku, na asubuhi watu wakaokota walichokuwa wakikipangia foleni.

Ilivyotokea ni kwamba watu walikamatwa kwanza, sheria ikafuata. Bunge lilipitisha Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1983 wakati mahabusu zimekwisha kujaa, nayo ikarudishwa nyuma ili iwahusu hata waliokamatwa kabla yake. Kesi hazikupelekwa katika mahakama za kawaida bali katika baraza maalum la kitaifa, ambalo halikufungwa na kanuni za kawaida za ushahidi. Mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Hakukuwa na dhamana. Hukumu ikishatolewa, hakukuwa na mahali pa kukata rufani. Wanasheria walilalamika, nao wakaonekana ni watu wa kupenda maneno wakati nchi inapenda vitendo.

Tuyatazame mambo hayo matatu, maana ndiyo miguu ya jiko ambayo chungu cha utetezi hukaa juu yake. Wakili ni mtu ajuaye kuuliza swali kwa niaba ya asiyejua. Dhamana humwezesha mshitakiwa kutafuta karatasi zake na mashahidi wake, kazi ambayo haifanyiki akiwa ndani. Rufani huwalazimisha waamuzi wa kwanza wawe waangalifu, kwa kuwa wanajua kazi yao itasahihishwa. Jiwe moja likiondolewa, chungu huyumba. Yakiondolewa yote matatu, hakuna kinachopikwa.

Juu ya uwanda huu alikuwako mzee mmoja mwenye kibanda cha biashara. Sitamtaja jina, kwa kuwa wajukuu wake wapo na wengine nimewafundisha. Alikutwa na khanga na sabuni nyingi kuliko walizoona wasakaji kuwa ni kiasi cha kibanda. Alichukuliwa akashushwa mjini, akakaa ndani karibu miezi mitano, kisha akarudishwa bila kushitakiwa. Stakabadhi zake alikuwa amezihifadhi katika mkebe wa majani ya chai, na mkebe ule ulikaa juu ya kabati siku zote hizo, hakuna aliyemwuliza. Je, stakabadhi zile zilitosha kueleza mali yote, au nusu yake tu? Hilo halikujulikana. Wapo kijijini waliomhurumia, na wapo waliomwita mwizi mpaka siku ya kumzika. Kama angesimama mbele ya hakimu, akaulizwa naye akajibu, kijiji kingepata jibu moja. Badala yake kilipata majibu mawili, na majibu hayo mawili yamerithiwa na watoto.

Huo ndio msingi wa hoja yangu. Mtu asiposikilizwa, asiye na kosa huonewa. Hilo kila mmoja analiona. Lakini hata mwenye kosa huponea hapo hapo, kwa sababu anaweza kusema maisha yake yote kwamba alionewa, na hakuna awezaye kumkanusha. Mwizi hupata kivuli cha kujificha nyuma ya waliodhulumiwa.

Pwani yetu ilikwisha kuyaona mambo ya namna hii zamani. Mwezi Novemba 1895, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya kule Kilwa Kivinje, juu ya mti ambao wenyeji waliuita Mwembe Kinyonga. Barua zilizokutwa kwake zilitumiwa kuwatia hatiani watu wengine wa mji kuwa walishirikiana naye. Mshitaki alikuwa mtawala, askari alikuwa wa mtawala, na hakimu alikuwa yeye yule. Wahenga wetu wana neno juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Jambo jingine la kufikirisha liko jirani zaidi na sisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake. Ilijengwa reli na bandari ya Mtwara, yakaletwa matrekta, karanga hazikupatikana. Mpango ulipoachwa mwaka 1951 zilikuwa zimepotea paundi zipatazo milioni 36. Sikupata kusikia kwamba bwana mkubwa yeyote wa mpango ule aliitwa mhujumu uchumi. Nasema hivi si kwa kuwa kila hasara ni jinai, bali kuonyesha kwamba jina la mhujumu haliendi lenyewe mahali penye hasara kubwa. Hupelekwa na mwenye mamlaka ya kulitoa, na kwa sababu hiyo mwenye kupewa jina hilo lazima awe na nafasi ya kulijibu.

Sokoine alifariki katika ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huohuo sheria ya 1983 ilifutwa, ikaja Sheria ya Kudhibiti Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga. Sheria hiyo mpya ilirudisha kesi katika Mahakama Kuu, ikamruhusu mshitakiwa kuwa na wakili, na ikafungua mlango wa rufani. Mwaka huohuo pia haki za msingi ziliingizwa katika Katiba. Hizo zilikuwa hatua kubwa, na wanaostahili sifa wapewe. Hata hivyo, katika orodha ya makosa ya sheria ile ya 1984 liliwekwa kosa la kuongoza genge la uhalifu. Tena suala la dhamana lilibaki gumu, na hapo ndipo lile jiwe la pili lilipoendelea kuyumba.

Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kifungu kilichozuia dhamana moja kwa moja kwa makosa fulani kilikuwa kinyume cha Katiba. Ilionekana mambo yamekwisha. Hayakwisha. Makosa yasiyo na dhamana yaliendelea kuandikwa katika sheria, na utakatishaji wa fedha ukawa mojawapo. Mwaka 2016 adhabu ya uhujumu uchumi, ambayo tangu 1984 ilikuwa haizidi miaka 15, ilipandishwa ikawa kati ya miaka 20 na 30, na ikaanzishwa divisheni maalum ya Mahakama Kuu kwa kesi hizo.

Tuchukue mifano miwili inayojulikana na kila msomaji wa magazeti. Mwezi Juni 2017, Harbinder Singh Sethi na James Rugemalira walifikishwa mahakamani kwa sababu ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, na miongoni mwa mashitaka yao lilikuwamo la genge la uhalifu. Zilikuwa fedha nyingi mno, mabilioni kwa mamia. Walikaa mahabusu miaka minne. Mwezi Juni 2021 Sethi aliachiwa baada ya makubaliano ya kukiri kosa, na mwezi Septemba mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashitaka akamfutia Rugemalira mashitaka. Miaka minne, na ushahidi haukupimwa! Sisi wananchi, ambao tunaambiwa fedha zile zilikuwa zetu, hatukupata kusikia shahidi hata mmoja akihojiwa.

Mfano wa pili ni wa mwandishi wa habari Erick Kabendera. Alikamatwa mwishoni mwa Julai 2019, akashitakiwa mwezi Agosti kwa kuongoza genge la uhalifu, kutolipa kodi na kutakatisha fedha. Kesi iliahirishwa mara kwa mara kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Mama yake alifariki mwisho wa mwaka, na mwana hakupata ruhusa ya kwenda kumwaga. Mwezi Februari 2020 shitaka la genge liliondolewa, akakiri hayo mengine mawili kwa makubaliano, akatakiwa kulipa mamilioni ya shilingi, akatoka. Je, alikosa au hakukosa? Mimi sina la kusema, nawe msomaji huna, maana ushahidi haukusikilizwa.

Makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa katika sheria yetu mwaka 2019. Mwezi Septemba mwaka huo Rais Magufuli alishauri watuhumiwa wa uhujumu walio tayari kurudisha fedha wapewe siku saba, na Mkurugenzi wa Mashitaka akaja na taarifa ya watu 467 na fedha zaidi ya shilingi bilioni 107. Kurudisha mali iliyoibwa ni jambo jema, tena kukiri kosa kwa hiari huiokolea mahakama muda. Lakini mtu aliye huru na mtu aliye ndani kwa miaka hawakiri kwa hiari ya namna moja. Aliyefungiwa bila dhamana, bila tarehe ya kesi, hununua mlango. Mwenye hatia huununua, na asiye na hatia huununua pia, na bei ni ileile. Mwezi Agosti 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kifungu kinachozuia dhamana hakivunji Katiba. Uamuzi wa mahakama tunauheshimu. Swali la hekima lingali mbele yetu, na Bunge ndilo lenye kulijibu.

Najua watakaoniambia: Mwalimu, wewe hujui ujanja wa magenge haya, ukiwapa dhamana watatoroka, ukiwapa mawakili watashinda kwa maneno. Nawajibu kwamba hakimu ana uwezo wa kumnyima dhamana mtu fulani kwa sababu fulani iliyoelezwa. Hilo ni tofauti na kuwanyima wote kabla hajamtazama hata mmoja. Na kama wakili anaweza kuliangusha shitaka kwa maswali, basi aliyelileta alilileta kabla halijaiva. Dawa yake ni upelelezi bora, ufanywe kabla ya kukamata.

Kwa muda mrefu wa utumishi wangu nimeketi katika kiti cha kuamua makosa ya watoto. Jambo moja ambalo kazi hiyo hufundisha ni kwamba uzito wa kosa hauongezi hata chembe moja ya ushahidi. Kuiba kalamu kunaweza kuamuliwa haraka, maana ukikosea, madhara ni madogo. Lakini tuhuma ya kuvunja stoo ya shule, ambayo itamfukuzisha mtoto na kuwaaibisha wazazi wake, ndiyo inayotaka kuulizwa mara mbili na mara tatu. Sheria zetu za uhujumu zimekwenda njia nyingine: kadiri shitaka linavyokuwa zito, ndivyo nafasi ya kulijibu inavyopungua.

Wazee wetu wa Kimwera na wa Kimakonde, walipokaa barazani chini ya mti, hawakuwa na chuo cha sheria. Walikuwa na desturi moja tu: aliyelalamika anasema, kisha aliyelalamikiwa anasema, na katikati ya maneno hayo mawili ndipo hutafutwa ukweli. Kama taifa linataka kumjua mwizi wake, na lina haki ya kumjua, na limsikilize.