Banda (usanifu majengo)

Banda, ambalo vitabu vingine huliita pavilioni, ni jengo jepesi linalosimama peke yake bustanini, uwanjani au kando ya jengo kubwa, na ambalo watu huingia kwa muda tu: kupumzika, kupokea wageni, kutazama maonyesho au mchezo. Kuta zake huwa chache, pengine hazipo kabisa, na sura yake hutokana zaidi na paa. Kwa kuwa aghalabu halina jiko, kitanda wala stoo, anayelisanifu huwa huru kuliko anayesanifu nyumba ya kuishi. Ndiyo maana mambo mengi mapya ya ujenzi yamejaribiwa kwanza kwenye mabanda. Hospitali za mabanda, zinazoelezwa mwishoni, zinakwenda kinyume na maelezo haya, kwani zenyewe zilijaa vitanda.

Mabanda ya bustani

Katika nchi za joto banda la bustani lilikuwa chombo cha kupozea hewa kabla ya kuwa pambo. Mfano mzuri uko Isfahan, Iran. Chehel Sotoun, lililokamilika mwaka 1647 zama za Shah Abbas II, lina baraza kubwa la mbele lililo wazi, lenye nguzo 20 nyembamba za mbao. Jina lake kwa Kifarsi lina maana ya nguzo arobaini: ishirini zimesimama, na ishirini nyingine zinaonekana ndani ya maji ya bwawa refu lililochimbwa mbele yake. Upepo unaopita juu ya maji hayo hufika kivulini ukiwa umepoa. Humo Shah alipokea mabalozi, na katika ukumbi wa ndani kuta zilichorwa wafalme wakikaribishana, akiwamo Humayun wa India aliyekimbilia Uajemi kuomba msaada kwa Shah Tahmasp. Balozi aliyeketi hapo alipata kivuli, upepo na somo la siasa kwa pamoja.

Banda jingine la mji huohuo, Hasht Behesht la mwaka 1669, lina uwazi mkubwa katika kila upande na kuba katikati, hivi kwamba bustani huonekana hata mtu akiwa ndani kabisa. Watawala wa India nao walikuwa na baradari, banda la milango 12, mitatu kila upande. Lililoko Hazuri Bagh mjini Lahore lilijengwa na Ranjit Singh mwaka 1818 kwa marumaru nyeupe. China na Japani zina mapokeo yao marefu, ambayo yanahitaji makala yake. Itoshe kutaja Canglang Ting la Suzhou, bustani iliyoanzishwa mwaka 1044 na mshairi Su Shunqin baada ya kuondolewa katika utumishi wa serikali.

Zanzibar pia ilikuwa na banda la aina hii. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 akitumia jina la Emily Ruete, anaeleza habari za benjile la Beit el Mtoni, jumba la baba yake lililoko kaskazini ya mji. Lilikuwa roshani pana ya mbao ya mviringo, iliyopakwa rangi na kuezekwa mfano wa hema, ikitazama bahari. Sayyid Said alikuwa akitembea humo huku na huko, kahawa ikinywewa humo, na meli zikitazamwa kwa darubini. Kwa mtawala ambaye mali yake ilikuja na kuondoka kwa bahari, hapo palikuwa mahali pa kazi kama palivyokuwa mahali pa kupunga upepo. Mtoni sasa ni magofu.

Mabanda ya maonyesho

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, banda la maonyesho ndilo linalojulikana zaidi, kutokana na Sabasaba katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, na Nanenane ya wakulima. Kazi ya banda la namna hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa: mpita njia aliyechoka na jua ashawishike kuingia, aone kilichokusudiwa, kisha atoke upande wa pili bila kuwazuia wanaomfuata.

Banda mashuhuri kuliko yote katika karne ya 20 halikuonyesha bidhaa yoyote. Ujerumani ililijenga Barcelona kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1929, likasanifiwa na Ludwig Mies van der Rohe akishirikiana na Lilly Reich. Paa bapa lilibebwa na nguzo nane za chuma zenye umbo la msalaba, zilizopakwa kromu. Kwa hiyo kuta za marumaru ya kijani, oniksi na kioo hazikuhitaji kubeba paa, bali zilisimama popote msanifu alipotaka macho yasimame au mwendo ugeuke. Fikra ya kutenganisha nguzo na ukuta ilikuwapo kabla yake, lakini hapa ilionekana waziwazi, bila samani nyingi za kuificha. Viti viwili vya ngozi viliwekwa kwa ajili ya Mfalme Alfonso XIII na malkia wake katika ufunguzi, na nakala za viti hivyo zinauzwa hadi leo.

Mwaka 1930 banda hilo lilibomolewa. Kwa zaidi ya miaka 50 wasanifu walilisoma kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, hata likawa jengo linaloheshimiwa na watu ambao hawakuwahi kulikanyaga. Ujenzi wa nakala mahali palepale ulianza mwaka 1983 na kumalizika 1986. Wapo wanaosema nakala si jengo. Hata hivyo, picha zile zilikuwa zimewanyima wasomaji rangi, na rangi ya mawe yale ni nusu ya kazi yenyewe.

Mataifa hutumia mabanda kushindana. Mjini Paris mwaka 1937 banda la Ujerumani ya Hitler, la Albert Speer, na la Muungano wa Kisovyeti, la Boris Iofan, yalisimama yakitazamana karibu na mnara wa Eiffel, kila moja likitaka kulizidi jingine kwa kimo na kishindo. Hispania, iliyokuwa vitani, ilikuwa na banda dogo. Ndani yake kulikuwa na Guernica ya Picasso.

Venice ina bustani ya mabanda ya kudumu ya mataifa tangu Ubelgiji ilipojenga la kwanza mwaka 1907. Nchi isiyo na jengo hapo hukodi nafasi mjini, na jina la taifa linaweza kuangukia mikononi mwa wengine: mwaka 2015 banda lililotangazwa kuwa la Kenya lilipangiwa wasanii ambao wengi wao walikuwa Wachina. Wasanii wa Nairobi walipiga kelele na serikali ikalikana. Miaka kumi baadaye mambo yaligeuka kwa namna ya kufurahisha. Kabage Karanja na Stella Mutegi, wasanifu kutoka Nairobi, walikuwa miongoni mwa walioandaa maonyesho ya usanifu katika banda la Uingereza, na uso wa jengo hilo ukafunikwa kwa pazia la shanga.

Nchini Uingereza kwenyewe, jumba la sanaa la Serpentine, London, limekuwa likijenga banda jipya karibu kila majira ya joto tangu Zaha Hadid alipofungua njia mwaka 2000. La mwaka 2017 lilikuwa la Francis Kéré wa Burkina Faso. Alilifanya mfano wa mti wa kijijini kwao Gando ambao watu hukusanyika chini yake, na paa likaelekeza maji ya mvua katikati yaanguke mbele ya wageni.

Mbali na maonyesho, michezo nayo ina mabanda yake: viwanja vya kriketi vina mabanda ya wachezaji na wanachama wa klabu. La Lord's, London, lilijengwa miaka ya 1889–90, na wanawake hawakukubaliwa kuwa wanachama wa klabu ya uwanja huo hadi mwishoni mwa karne ya 20.

Mabanda ya hospitali

Katikati ya karne ya 19 madaktari wengi waliamini kuwa magonjwa huletwa na hewa chafu. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu hospitali, alitaka wagonjwa wagawanywe katika mabanda yaliyoachana, kila wodi iwe na madirisha yanayotazamana na vitanda vipangwe kati ya madirisha. Lariboisière ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1854, ilikuwa kielelezo chake. Nadharia ilikuwa na kasoro, lakini nafasi, mwanga na upepo viliwafaa wagonjwa, na hospitali nyingi za wilaya na za misheni Afrika Mashariki zilipangwa vivyo hivyo: wodi ndefu zenye baraza, zikiunganishwa na vijia vilivyoezekwa.

Hospitali ya Sant Pau, Barcelona, iliuchukua mpango huo na kuufikisha mbali. Lluís Domènech i Montaner aliianza mwaka 1902 na mwanawe akaimaliza. Yalikusudiwa mabanda 48, yakajengwa 27, yakielekezwa mshazari kinyume cha mitaa ya mji ili yapate jua na upepo wa bahari. Wagonjwa na mizigo vilipitishwa kwenye njia za chini ya ardhi ili bustani za juu zibaki tulivu. Alfonso XIII aliifungua mwaka 1930, mwaka uleule banda la Mies lilipovunjwa. Kufikia hapo dunia ilikuwa inaelekea kwenye hospitali za ghorofa nyingi zenye lifti, ambako muuguzi hatembei mita mia kufuata dawa. Sant Pau ilihudumia wagonjwa humo hadi mwaka 2009 ilipohamia jengo jipya jirani. Mabanda yalikarabatiwa, na sasa mengine ni ofisi za mashirika na mengine hupokea watalii.