HAKI YA KISIMA



Mwaka 1331 alipita Mombasa msafiri mashuhuri wa Kimaghribi, Ibn Battuta, naye yuko njiani kwenda Kilwa. Hakulala hapa ila usiku mmoja. Lakini katika machache aliyoyaona na kuyasimulia, limo jambo ambalo sisi wenyeji hatulitii maanani. Alieleza kuwa misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kwenye kila mlango wa msikiti pana kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili tu. Watu huteka kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa, yaani kata kama hizi tuzijuazo. Ardhi ya kuzunguka kisima na msikiti imesawazishwa. Mwenye kutaka kuingia huosha miguu yake kwanza, na hapo mlangoni pana kipande cha jamvi zito cha kujifutia.

Tafadhali usipite haraka hapo penye dhiraa mbili. Dhiraa ni kutoka kiwiko cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, kiasi cha futi moja na nusu. Maana yake ni kuwa mtu wa Mombasa ya wakati ule akitaka kutawadha aliinama tu, akanyoosha mkono, akateka. Leo katika kisiwa hiki hiki watu huchimba kwa mashine futi nyingi kwenda chini, na aghlabu wayapatayo huwa yana munyu. Jee, ni nini kilichopita baina ya kata ile na mashine hii? Hiyo ndiyo khabari ninayotaka kukusimulia, na ndani yake limo kosa langu mwenyewe.

Kwanza yapasa tujue maji ya pwani yakaaje. Mvua inyeshayo hupenya mchanga na mwamba wa matumbawe ikaenda chini. Huko chini yapo maji ya bahari nayo yameingia kutoka pembeni. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo huelea juu yake, kama vile mafuta ya nazi yaeleavyo juu ya mchuzi, ila haya hayana mpaka uonekanao kwa jicho. Wataalamu wamepima wakaona kuwa kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo pana futi kama 40 za maji matamu. Hii ni neema kubwa. Lakini hesabu hiyo hiyo hugeuka. Ukiyashusha maji ya kisima futi moja kwa kuyateka kupita kiasi, chumvi iliyo chini yaweza kupanda futi 40 kukufuata. Mwenye ndoo na kamba hawezi kufanya uharibifu huo hata akiteka mchana kutwa, kwani mkono huchoka, na kisima hupata nafasi ya kujaa. Mwenye mashine hachoki.

Wazee wetu hawakuijua hesabu hii kwa namba, lakini baadhi yao waliona miji ikishindwa kwa sababu ya maji. Nenda Gede, karibu na Malindi. Hapo pana kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, pana msikiti mkuu wenye kisima chake, na pana majumba ya mawe yaliyomezwa na msitu. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua magofu hayo mwaka 1948, alikuta kisima ambacho wenyewe walirudi kukiongeza kina. Akaona kuwa huenda kushuka kwa maji ni moja katika sababu zilizowafanya watu wauhame mji ule. Zipo sababu nyingine zilizotajwa, za vita na uvamizi, nami sina haja ya kuzikataa. Lakini kila nipelekapo wanafunzi huwasimamisha penye kisima kabla ya kuwaonyesha jumba la mfalme, kwa sababu jumba waweza kulijenga pengine.

Na miji iliyosalia ilisalia kwa adabu. Nani katika sisi wa umri huu asiyekumbuka birika la msikiti lililojazwa kwa ndoo, na mtoto aliyelisogelea na kata chafu akapigwa kofi na mzee yeyote aliyekuwa karibu, bila ya kuulizwa mtoto wa nani? Lamu waliweka samaki wadogo birikani wale viluwiluwi vya mbu, na katika majumba walizika bakuli la Kichina chini ya birika, ili maji yakipungua samaki wapate mahali pa kubaki. Watu wakitazama mabakuli yale leo huuliza bei yake. Mimi hustaajabu kuwa mtu alimfikiria samaki wa kidole kimoja siku ambayo maji yatakwisha.

Adabu hii haikutoka hewani, ndugu msomaji. Muhajirina walipofika Madina, maji matamu yalikuwa ya kisima cha Ruma, na mwenyewe akiyauza. Mtume S.A.W. akahimiza atokee mtu akinunue kwa ajili ya Waislamu, na malipo yake ni Pepo. Sayyidna Uthman bin Affan R.A. akakinunua, akakitoa wakfu, akawa yeye mwenyewe yuateka sawa na mtu mwengine yeyote. Imepokewa pia kuwa Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Na imekuja tahadhari ya laana kwa mwenye kwenda haja penye mahali watu waendapo kuteka maji, au njiani, au kivulini. Jee, mwenye kuchimba shimo la choo hatua nne kutoka kisima cha jirani, katika mwamba huu wenye vitundu kama sifongo, yu mbali na laana hiyo kwa kuwa amelifunika kwa saruji?

Wanavyuoni wakaja wakalipangia jambo hili sharia. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), kitabu ambacho wengi katika masheikh wa pwani hii wamekisoma na kukisomesha, upo mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Humo mmetajwa harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka ambalo ni haki ya kisima, wala haijuzu mtu kulihodhi: mahali asimamapo mtekaji, penye hodhi, mahali yakusanyikapo maji, na njia ya mnyama avutaye ndoo. Ama visima vya mifereji ya chini ya ardhi, ile ambayo ndugu zetu wa Oman huiita falaji, harimu yake ni kubwa zaidi. Ni kadiri ambayo lau mtu mwengine atachimba ndani yake, maji ya kisima cha kwanza yatapungua, au patakhofiwa kuporomoka. Basi utaona kuwa miaka mia saba na zaidi iliyopita wanavyuoni walikwisha kujua kuwa kisima kimoja chaweza kunywa maji ya chenziwe chini kwa chini.

Hapa ndipo wenye mashine hunikamata. Husema: Sheikh, harimu hiyo ni katika ardhi isiyokuwa na mwenyewe, na kiwanja changu nina hati yake. Ni kweli. Kitabu chenyewe chasema kuwa kila mtu hutumia milki yake kwa mujibu wa ada. Lakini maneno hayakuishia hapo. Akipita mpaka wa ada, hulipa alichokiharibu. Na ada ya mji huu kwa mamia ya miaka ilikuwa ndoo, kamba na kata. Sijaona mtu aliyeweza kunithibitishia kuwa pampu ya kujaza magari ya maji usiku na mchana ni ada ya nyumba.

Nami naisema hukumu hii nikiwa mshitakiwa. Madrasa niliyosoma, kisha nikasomesha, ina kisima kilichotolewa wakfu na bibi mmoja wa mtaani zamani, kabla sijazaliwa. Mwaka 1996 akaja mfadhili akatupa pampu. Mimi nilikuwa katika kamati, kijana mwenye haraka ya maendeleo. Mifereji ya mji ilikuwa ikikauka kwa siku nyingi, na wenye mikokoteni walikuwa tayari kununua mtungi kwa mtungi. Tukaona: tutauza maji, tutalipa mishahara ya walimu. Mwalimu wangu, aliyekuwa amekwisha kuzeeka na kupofuka, akaniita.

"Mwanangu, kisima hiki huteremshiwa ndoo. Hakinyonywi."

Nikamwambia, "Maalim, maji ya Mungu hayaishi."

"Kwa Mungu hayaishi, mwanangu. Kwa kisima hiki yaisha."

Sikumsikiliza. Tulipiga pampu miaka mitatu, na sikatai kuwa walimu walilipwa kwa wakati. Katika kaskazi ya mwaka wa tatu maji yakaanza kubadilika. Wenye mikokoteni waliacha kuja, wao ndio waliojua mwanzo. Kisha siku moja baada ya Alasiri, bibi mjane aliyekuwa akikaa nyuma ya madrasa, mwenye kisima chake uani, akatuletea walimu birika la chai. Tukafurahi. Tulipotia mdomoni hapana aliyeweza kumeza. Hakuwa amekosea sukari. Alitupikia kwa maji ya kisima chake, ili tuonje tulichomfanyia.

Wakati huo, nawe zingatia haya, nilikuwa nikisomesha mlango ule ule wa Minhaj. Niliufunga msahafu wangu wa darsa nikaenda kwake kumuomba radhi. Akanijibu, "Mwalimu, mimi nimesamehe. Lakini maji ya kupikia nayanunua kila siku." Basi nikajua kuwa msamaha ni mlango mmoja na dhamana ni mlango mwengine. Tukaing'oa pampu, na madrasa ikawa humpelekea mitungi miwili ya maji kila siku mpaka alipofariki. Hatukumfanyia sadaka, bali tulilipa deni.

Mtu atasema: visima vimepitwa na wakati, tuna mifereji. Jee, wajua mfereji wako waanzia wapi? Tangu miaka ya 1950 Mombasa hupata maji kutoka chemchem za Mzima, na asili ya maji yale ni mvua na ukungu wa milima ya Chyulu, ambao hupenya majivu na mawe ya volkano, ukaenda chini kwa chini ukatokea Mzima. Mengine hutoka Marere, kwenye msitu wa Shimba, Kwale. Kwa hivyo mti ukatwao Chyulu kwa kuchoma makaa ni katika harimu ya birika la msikiti wako, ijapokuwa hujapata kuuona. Sayyidna Umar R.A. alipoweka malisho ya hifadhi, alimuusia msimamizi wake awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuilie matajiri kama Ibn Auf na Ibn Affan, ambao mifugo yao ikifa wanayo mashamba na mitende ya kurejelea. Sisi mara nyingi hufanya kinyume chake. Mwenye mzigo mmoja wa kuni hushikwa, na mwenye lori hupita.

Na Lamu jambo li wazi zaidi, kwani huko hakuna mlima wa mbali wa kutegemea. Mji mzima huishi kwa vilima vya mchanga vya Shela. Watu huviona ni mchanga mtupu, mahali pa mandhari, au pa kukumbukia vita vya Shela vya mwanzo wa karne ya 19. Kumbe ndiyo birika lao. Mvua ikinyesha, mchanga ule huinywa upesi kabla jua halijaifikia, ukaiweka chini juu ya maji ya bahari. Serikali imekwisha kuvitangaza kisheria kuwa ni mahali pa kuhifadhiwa, na bado watu huvitamani kwa viwanja. Mwenye kujenga pale, shimo lake la choo litamimina wapi? Naye atakunywa maji hayo hayo, au ataagiza ya chupa, awaachie wengine.

Nirudi kwetu. Kisima cha madrasa tumekiacha kipumzike. Mvua za masika zikipita vizuri, maji yake huwa yafaa kutawadha na kufua, na mwaka mmoja au miwili yalifaa hata kwa chai. Kaskazi ikipiga, munyu hurudi. Hayakuwa kama nilivyoyanywa nilipokuwa mtoto, na sidhani kuwa nitayanywa vile tena.

Sasa amekuja mfadhili mwengine, mtu mwema na nia yake safi, ataka kutuchimbia kisima kirefu cha mashine kando ya kile cha zamani, na tangi kubwa juu ya paa. Vijana wa kamati wamefurahi, na hoja zao ni zile zile zangu za mwaka 1996, hata maneno ni yale yale. Nyumba za jirani bado zina visima vinne vitekwavyo. Nimeomba wenye visima hivyo waitwe kikaoni, na kamati imekubali. Kikao ni Jumapili baada ya sala ya Isha. Nitakwenda na kitabu changu, na birika la chai.